Utamu wa Futari na Jasho la Mpishi

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Malindi, katika siku za mwisho za Shaaban, baada ya swala ya Alasiri. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa. Vipimo vya mapishi vimeongezwa kwa maombi ya waliohudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyetulisha, akatunywesha na akatujaalia kuwa Waislamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma ba'ad.



Nilipoambiwa nitoe mada ya kuikaribisha Ramadhani, watu walidhani nitazungumza juu ya nguzo za saumu na mambo yanayoibatilisha. Hayo maalim wetu wameshatufundisha tangu tuko chuoni na vibao vyetu, na wao wayajua zaidi yangu. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya futari. Naona kuna ndugu yangu hapo nyuma ameshaanza kutabasamu. Tabasamu, ndugu yangu, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mada hii yakuhusu wewe zaidi kuliko mama zetu.

CHAKULA KINACHOTUITA NYUMBANI

Hakuna mtu wa mwambao huu asiyejua harufu ya saa kumi na moja ya jioni katika Ramadhani. Pita kichochoro chochote, uwe Mtwapa, Takaungu, Malindi au Mambrui. Nyumba hii vitunguu vyakaangwa, ile ya pili iliki yatwangwa kwa ajili ya mahamri, ile ya tatu kaimati zinaruka ndani ya karai. Mbele kidogo mtoto amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi huku akimeza mate na kuuliza saa ngapi.

Kisha adhana ya Magharibi inapoita, tende na maji. Hiyo ndiyo sunna. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu kabla ya kuswali, asipopata basi tende kavu, na asipopata hunywa mafunda ya maji. Halafu tukirudi msikitini tunakuta bakuli la uji wa pilipili manga, moto, una nazi, una ndimu, una ule mwasho mdogo kooni. Wallahi ukinywa mafunda matatu, jasho linakutoka kwenye paji la uso na mwili wote unaamka. Baada ya hapo ndiyo muhogo wa nazi, au viazi vitamu, au mbaazi, na chai ya tangawizi.

Hii ni neema. Tusione haya kuifurahia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kufunga ana furaha mbili, moja wakati anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Lakini swali langu ni hili, ndugu zangu: ile furaha ya kwanza, nani anaitengeneza? Na yeye anayeitengeneza, Ramadhani yake inakwendaje?

Mimi swali hili sikuwahi kujiuliza mpaka nilipofika umri wa miaka kumi na saba. Naomba niwasimulie.

RAMADHANI YA MWAKA 2020

Mnaikumbuka nyote. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Misikiti ilifungwa, tarawehe tukaswali majumbani. Tangu tarehe 8 Aprili, Kilifi, Mombasa na Kwale zilizuiwa, mtu asiingie wala asitoke. Nairobi ilikuwa imeshafungwa siku mbili kabla. Baba yangu alikuwa huko Nairobi kikazi, akakwama. Na kila usiku kulikuwa na kafyu, kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri.

Kabla ya mwaka ule, mimi nilikuwa kama vijana wengi. Nikitoka swala ya Alasiri, ni mpira ufuoni au kukaa maskani na wenzangu tukivuta wakati. Nikirudi nyumbani, dakika tano kabla ya adhana, sinia limeshatandikwa. Nilidhani futari inajipika.

Mwaka 2020 maskani haikuwepo. Nikawa nimekaa nyumbani mchana kutwa, na nyumba yetu si kubwa, jikoni ni hapo hapo uani. Siku ya sita ya mfungo, nilikuwa nimeketi kivulini na msahafu wangu. Nilikuwa juzuu ya tisa, na nilijiona mtu. Mama alikuwa ameinama anakata vitunguu, na simu yake ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, inasoma Qur'an. Mimi kwa kujigamba nikamuuliza, "Mama, wewe umefika wapi?"

Akanijibu bila ya kuinua kichwa, "Mimi, mwanangu, nimefika kwenye vitunguu."

Nikacheka. Yeye pia alicheka. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema kesho ni Jumanne, "Tangu niolewe sijakhitimu msahafu ndani ya Ramadhani hata mara moja."

Nikahesabu. Mama alikuwa ameolewa miaka kumi na tisa. Ramadhani kumi na tisa! Na katika zote hizo, mimi kila mwaka tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikisifiwa kwa kukhitimu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisifu na kunipikia kaimati za ziada.

Siku ile nikaanza kumtazama. Mama alikuwa akiingia jikoni saa tisa na nusu, mara tu akishaswali Alasiri. Alipika vitu saba au vinane: uji, muhogo, viazi vya karai, sambusa, kaimati, mbaazi, juisi, chai. Adhana ya Magharibi, ambayo wakati ule ilikuwa kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, ilimkuta na mwiko mkononi. Alifuturu kwa tende moja amesimama. Akaswali, akapakua, akaosha vyombo, akampa bibi yangu mzaa mama dawa zake, akaroweka mbaazi za kesho. Isha na tarawehe aliziswali macho yakiwa mekundu kwa moshi na usingizi. Na saa tisa na nusu ya usiku alikuwa ameshaamka kutupashia daku. Sisi tulimwita mara tatu tatu kwamba chai imepoa.

Ndugu zangu, sisemi haya kumlalamikia mtu. Mama hakuwahi kunung'unika. Lakini mimi niliona haya, na haya ni katika imani.

SIKU NILIPOSHIKA MWIKO

Kesho yake nikamwambia, "Mama, leo uji ni wangu. Wewe kaa hapo kivulini usome."

Akanitazama kama nimepandwa na homa. Akakubali.

Uji ule uliungua. Niliuacha nikaenda kutazama simu, ukashika chini, na juu ukafanya madonge. Tui nikalitia mapema likachemka sana, likakatika, mafuta yakaelea juu. Wadogo zangu waliunusa wakaangaliana. Bibi, Mungu amrehemu, alikunywa bakuli lote na akasema, "Uji huu una moshi kidogo, lakini una dua nyingi." (Hapa hadhira ilicheka.)

Siku ya pili ukawa afadhali. Siku ya tano mama alionja akanyamaza, na mama yangu akinyamaza juu ya chakula, maana yake ni kizuri. Baadaye nikajifunza muhogo wa nazi, na mdogo wangu wa kiume akachukua kazi ya kukuna nazi na kuosha vyombo. Pia tulikaa na mama tukapunguza vile vitu saba vikawa vitatu. Cha kukaangwa kilipikwa Ijumaa tu. Nakwambia hakuna aliyelala na njaa, na bibi, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari, alikuwa na afya nzuri zaidi kuliko Ramadhani iliyotangulia.

Na mama? Mwaka ule hakukhitimu. Alifika juzuu ya kumi na tisa. Lakini mwaka 2021, usiku wa kuamkia ishirini na saba, alifunga msahafu wake na akaomba dua ndefu, nasi tumekaa nyuma yake tukiitikia Amin. Kwa sababu ya usiku ule tu, mimi siogopi kucheka kwenu leo mkiniita mpishi.

"JIKONI SI PA MWANAMUME"

Najua hoja mlizonazo, kwa sababu na mimi nilikuwa nazo.

Hoja ya kwanza: kazi ya jikoni ni ya wanawake. Sawa, tumuulize anayejua zaidi mambo ya nyumba ya Mtume (S.A.W.). Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika alitoka kwenda kuswali. Hadithi hii iko katika Sahihi ya Bukhari. Huyu ndiye mbora wa viumbe, kiongozi wa umma, mwenye majukumu ambayo mimi na wewe hatuna hata robo yake. Wewe una jukumu gani baada ya Alasiri, ndugu yangu, zaidi ya kungoja?

Tena tujitazame sisi wenyewe. Harusini, nani anayesimamia lile sufuria kubwa la pilau? Mara nyingi ni wanaume. Viazi vya karai na mishkaki barabarani, nani anauza? Wanaume. Kahawa tungu na dele lake? Wanaume. Basi yaani kupika kukiwa na malipo ni kazi ya mwanamume, kukiwa ni kumsaidia mama yako ni aibu? Hiyo si dini, na wala si mila. Huo ni uvivu tumeuvisha kanzu.

Hoja ya pili ni ya wajanja. Wanasema: anayemfuturisha mwenye kufunga anapata thawabu kama zake bila ya yule aliyefunga kupunguziwa chochote, kama alivyopokea Tirmidhi, basi tumuachie mama thawabu zote hizo! Mimi nawajibu: kama kweli waamini kwamba jikoni kuna thawabu nyingi kiasi hicho, mbona wewe wazikimbia?

Hoja ya tatu: mtu aliyefunga atapikaje naye hawezi kuonja? Wanazuoni wameliruhusu kwa haja. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba hakuna ubaya kuonja kilichomo chunguni. Unaonja kwa ncha ya ulimi, unatema, humezi kitu. Mama zetu wengi hata hawaonji. Wanapima chumvi kwa harufu na kwa mazoea. Na sisi tukikaa sinia la futari, neno la kwanza tunalosema ni "Leo chumvi imezidi." Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia ila chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Bukhari na Muslim wamelipokea hilo.

"KADIRIA TU, MWANANGU"

Nilipoingia chuo kikuu, mbali na nyumbani, Ramadhani ya kwanza nilifuturu kwa mkate wa dukani na soda, nimekaa juu ya kitanda. Siku ya tatu nikampigia mama simu. Nikamuuliza, "Uji wa watu wanne, unga vijiko vingapi?"

Akasema, "Kadiria tu, mwanangu."

"Pilipili manga je?"

"Kadiria. Utaisikia puani."

Nikaelewa jambo siku ile. Elimu hii yote haijaandikwa popote. Iko kwenye viganja vya mama zetu, na akiondoka mmoja anaondoka nayo. Bibi yangu alifariki na hesabu ya mkate wake wa sinia. Sote tunaukumbuka ulivyokuwa laini, na hakuna anayeweza kuupika.

Na elimu hii si ndogo. Chukua bakuli moja la uji ulitazame. Neno "manga" kwa Waswahili wa zamani ni nchi ya Waarabu. Pilipili hii iliitwa pilipili manga kwa kuwa ilifika kwetu na majahazi ya kutoka upande huo, ingawa asili ya mmea wenyewe ni Malabar, kusini mwa Bara Hindi. Iliki ni ya huko huko. Mdalasini ulio bora watoka Sri Lanka. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, na vilifika mwambao huu baada ya Wareno, ambao Vasco da Gama alitia nanga hapa hapa Malindi mwaka 1498. Ukwaju Waarabu wanauita "tamr hindi", yaani tende ya Uhindi. Kaimati ukienda Dubai au Muscat utazikuta zinaitwa luqaimat. Na nazi twaipata hapa hapa, mnazi uko nyuma ya nyumba. Mama zetu wamevichukua vitu vya dunia nzima wakaviunganisha kwa tui, vikawa chakula cha nyumbani.

Likizo iliyofuata nilimfuata mama na kikombe na kijiko. Kila alipokadiria, nilimwambia, "Simama kwanza, tia humu nipime." Alichoka na mimi. Lakini sasa ninavyo vipimo, na nawapa hapa.

MAPISHI MANNE YA KUANZIA

Kwanza, tui. Kuna nazi moja. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na uchuje kwa kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Tia tena maji vikombe viwili, kamua. Hilo ni tui jepesi. Kanuni ni moja siku zote: jepesi hupikia, zito humalizia. Ukilichemsha zito kwa nguvu, litakatika kama langu.

1. Uji wa pilipili manga (watu wanne). Vuruga nusu kikombe cha unga wa mahindi kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge. Chemsha vikombe vinne vya maji au tui jepesi, mimina unga ule huku ukikoroga, na usiache kukoroga mpaka uchemke. Punguza moto, uache dakika kumi na tano. Tia chumvi kidogo sana, sukari vijiko viwili vikubwa (kwa mwenye sukari mtengee wake mapema), na pilipili manga iliyotwangwa nusu kijiko cha chai. Malizia kwa kikombe cha tui zito, moto mdogo, dakika tatu. Epua ndipo ukamulie ndimu. Pilipili manga itwange wakati huo huo. Ya kukaa kwenye kopo miezi sita haina harufu.

2. Muhogo wa nazi. Muhogo mtamu kilo moja, ule mchungu usiutumie kwa pishi hili kwani una sumu. Menya, kata vipande, toa ule mzizi wa katikati. Chemsha na tui jepesi la nazi mbili, chumvi, kitunguu kilichokatwa na pilipili mbichi moja nzima, usiipasue. Ukishalainika kabisa, kwa kawaida nusu saa, mimina tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga ili vipande visivunjike. Ndimu mwisho. Viazi vitamu hupikwa hivyo hivyo, lakini bila ya pilipili, na iliki kidogo.

3. Juisi ya ukwaju. Kikombe kimoja cha ukwaju uliomenywa, umwagie vikombe vinne vya maji ya moto, ufunike tangu Adhuhuri. Alasiri uvuruge kwa mkono safi, chuja mara mbili. Ongeza maji baridi vikombe vitatu, tangawizi iliyokunwa kijiko kimoja, na sukari kidogo. Onjesha mtoto ambaye hajafika umri wa kufunga, naye atakuwa amefanya kazi yake. Hii ni bora kuliko zile juisi za unga, ambazo nyingi ni sukari na rangi tu.

4. Chai ya tangawizi. Maji vikombe vinne, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa, kijiti cha mdalasini, iliki tatu, karafuu mbili. Viungo vichemke dakika kumi peke yao. Majani ya chai yatie mwisho, dakika mbili tu, uepue. Wengi wetu tunachemsha majani mpaka yanakuwa machungu, halafu tunaficha uchungu kwa sukari.

Mapishi haya manne yote, mtu mmoja anayamaliza kwa saa moja na nusu. Watu wawili, saa moja.

SAHANI YA JIRANI

Jambo la mwisho. Kwetu kuna desturi, kabla ya Magharibi sahani inafunikwa kwa kawa na mtoto anatumwa kwa jirani. Na sahani hairudi tupu. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake, kama alivyopokea Muslim.

Mwaka ule wa kafyu watu waliogopa. Sahani zikakatika. Karibu nasi yuko mama mmoja mtu mzima, Mgiriama, si Muislamu, anaishi peke yake, wanawe wako mbali nao hawakuweza kuja. Miaka yote alikuwa akipata sahani yetu. Siku nilipopika muhogo ukakubali, mama akaniambia, "Mpelekee. Weka kizingitini, bisha hodi, rudi nyuma." Nikafanya hivyo. Akafungua, akaiona sahani, akasimama kimya. Halafu akasema, "Nilidhani mwaka huu mmenisahau."

Kesho yake asubuhi sahani ilirudi kizingitini kwetu na maembe manne juu yake.

Wako wanaouliza kama jirani asiye Muislamu anahusika na sahani ya Ramadhani. Abdullah bin Amr (R.A.), kama alivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, alipochinjiwa kondoo aliwauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi, akawakumbusha namna Jibril alivyozidi kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani. Hapo hakuna la kuongeza.

Na angalieni, ndugu zangu: sahani ya jirani huja kwa kuzidisha maji ya mchuzi, haihitaji kuzidisha aina za vyakula. Allah (S.W.T.) ametuamrisha tule na tunywe wala tusifanye israfu. Futari ya vitu kumi, nusu yake ikamwagwa asubuhi, na jirani hakupata, hiyo ni hasara mara tatu: ya mali, ya thawabu, na ya muda wa mama aliyeipika.

TUNAONDOKA NA NINI?

Vijana wenzangu wa kiume, nawaomba tuondoke na mambo matano, madogo, mtu anayaweza:

1. Kila mmoja ajifunze pishi moja tu kabla ya Ramadhani kuandama. Moja. Na alipike yeye kwa zamu yake.
2. Baada ya futari, vyombo ni vyetu. Mama aende akaswali na sisi tuoshe kabla ya kwenda tarawehe.
3. Tukae na mama zetu tukubaliane futari ya vitu vitatu. Sisi ndio tunaodai vitu kumi, si wao.
4. Tusikitie ila chakula, hata kwa kukunja uso.
5. Tuandike. Daftari moja kila nyumba, vipimo vya mama na vya bibi, kabla hatujaanza kusema "laiti".

Na mama zetu, nina ombi moja kwenu. Kijana wenu akiingia jikoni akaunguza sufuria, msimtoe. Mvumilieni siku tano. Na zile saa mtakazopata, zichukueni. Msizirudishe tena jikoni. Msahafu uko pale unangoja.

Dada zangu nao wasidhani nimewasahau. Nimeona mengi yenu ni yale yale ya mama zetu, mtihani wa chuo asubuhi na karai jioni. Mkiona ndugu zenu wa kiume wamekuja na mwiko, msiwacheke sana. Wachekeni kidogo.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na salama, atukubalie funga na visimamo vyetu, awarehemu waliotupikia na wametangulia, na awajaalie walio hai wapate sehemu yao kamili ya mwezi huu, jikoni na juu ya msala. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.